Mti Uliopigiwa Hodi

Watu wa Norwei kila mwaka huwapelekea Waingereza mti. Huukata kwao msituni, wakaupakia melini, wakauvusha bahari, ukaja kusimamishwa katikati ya Landani, kwenye uwanja wa Trafalgar, ukavikwa taa za Krismasi. Ni shukrani ya vita. Wajerumani walipoingia kwao, mfalme wao alikimbilia hapa akahifadhiwa, na vita vilipokwisha wakaona wema ule hausahauliki, basi kila mwaka mti. Mwanangu ndiye aliyenieleza haya, tukikunja nguo ukumbini. Nikamwambia urafiki nimeufahamu, mti sikuufahamu. Kwetu Pemba ukimpa mtu mti unampa mche akaupande, ale matunda yeye na wajukuu zake. Hawa wanapeana maiti, wakaisimamisha wima, wakaivalisha.

"Mama, usianze," akanambia.

Sikuanza. Mti ndio ulioanza.

Nilikuja Landani miaka ile ya mwisho ya tisini, kumlelea mwanangu binti yake. Mwanangu alikuwa akifunga vyakula vya abiria wa ndege huko Hayes, mara zamu ya asubuhi, mara zamu ya jioni, na mtoto hana wa kumpokea skuli. Tukikaa Rayners Lane, juu ya duka la Muhindi mzaliwa wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mjukuu wangu. Hilo nalisema kwa uchungu. Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita, mapengo mbele, akili kama wembe. Mwalimu wake alisema hajapata kumwona mtoto anayeuliza kama yeye, nami maneno hayo niliyatangaza kila shughuli mpaka wanawake wenzangu wakawa wakiniona wanageukia sahani zao. Lakini Kiswahili hasemi. Anakisikia chote, hata kile cha chini chini ninapomteta mama yake, ila jawabu lake hutoka kwa Kiingereza. Ukimrushia chungwa anakurudishia mpira. Wenzangu wajukuu zao wakisoma kasida mbele ya watu, wakisema shikamoo bibi, marahaba, na wangu amesimama ananitazama kama ng'ombe anayetazama treni. Nikimwomba Mungu neno moja tu. Lolote.

Kitu kimoja nilichomfunza akakishika barabara ni adabu ya kuitwa. Nilimwambia: ukisikia jina lako linaitwa na anayekuita humwoni, nyamaza. Usiseme naam, usiseme bee, usigune. Mpaka umwone uso. Maana wapo wanaojua majina yetu na sauti za mama zetu, na ukiwaitikia umeshawafungulia. Mama yake alipochukia nikamwambia mimi nililelewa hivyo, na wewe nilikulea hivyo, na wote tu wazima. Mtoto akalishika hilo kuliko hesabu. Ukimwita kutoka jikoni hajibu. Atakuja mpaka mlangoni, achungulie, akuone, ndipo akwambie "what, Bibi?"

Sasa skuli wakawachoresha mti ule wa Norwei. Alirudi na karatasi ina pembetatu ya kijani na alama za vidole vya rangi pembeni, akashikilia kwenda kuuona. Mama yake ana zamu. Akalia, akagoma kula, basi nikasema tutakwenda mimi na yeye. Kusoma majina ya stesheni siwezi, lakini treni yetu ni ya buluu na inakwenda moja kwa moja mpaka katikati ya mji bila kubadilisha, na mtoto anasoma. Yeye macho, mimi miguu.

Tulipotoka chini ya ardhi giza lilikuwa limeshashuka. Magharibi ya Landani wakati wa baridi huingia saa kumi, saa ambayo kwetu watu ndiyo kwanza wanaamka usingizi wa mchana. Saa ya magharibi mtoto haachwi nje. Hilo halina mjadala, ndio wakati wao wa kutembea. Lakini nimeshafika, mtoto ananivuta, na watu wamejaa uwanjani wanacheka na kula njugu, nikasema labda mashetani wa hapa wana saa zao.

Nikauona.

Nilidhani utakuwa kama vile vidogo vya madukani. Ulikuwa mrefu kuliko mnara wa msikiti wetu, umenyooka, mwembamba juu, mnene chini, mweusi. Taa zake hazikuzungushwa, zimeteremshwa kutoka kileleni mpaka chini kama kamba za mvua. Ulinikumbusha mvinje wa pwani. Na mtu wa pwani anaujua mvinje: hauhitaji upepo mwingi, ukipata kidogo tu unavuma kama mtu anayelia amefumba mdomo. Jioni ile upepo haukuwapo kabisa. Moshi wa mchoma njugu ulikuwa unapanda wima kama uzi. Na mti ule unavuma.

Nikatazama juu. Uwanja wote umetapakaa njiwa, wapo kwenye masanamu, kwenye mabirika ya maji, kwenye vichwa vya wageni wanaopigwa picha, huna pa kuweka mguu. Kwenye mti hakuna hata mmoja.

Baba yangu alikuwa mkata mbao. Hakuthubutu kuuangusha mti mkubwa bila kuupigia hodi. Hugeuza shoka, akagonga shina kwa kisogo cha shoka, akasema, "Hodi, wenyewe." Mara tatu, na kila mara husubiri kidogo. Kimya ndiyo ruhusa. Nikiwa mdogo nilimpelekea chakula nikamkuta anarudi njiani, shoka begani, hakukata kitu, uso umemkauka. Nikamuuliza mti una nini. Akanambia, "Una watu." Hakusema zaidi, na mti ule niliuacha umesimama pale pale siku nilipoolewa nikahama. Basi nikiwa nimesimama pale Trafalgar nikajiuliza, hawa wa Norwei walipiga hodi kabla ya kukata? Na kama hawakupiga, wenyewe wamebaki kule au wamekuja nao melini?

Mjukuu wangu akanivuta mkono. Akaniuliza kwa Kiingereza chake miguu ya mti iko wapi. Nikamwambia hauna, umekatwa, umechomekwa shimoni kama mwiko kwenye chungu. Akafikiri. Kisha akauliza, "Does it know?"

Kama unajua umekatwa. Mtoto wa miaka sita huyo. Nikamwambia afunge kinywa.

Kikaja kikundi cha waimbaji wa kanisa na vitabu vyao, watu wakasogea mbele kusikiliza, tukabanwa. Mtandio wangu ukateleza kwa kusukumwa. Nikamwachia mkono niufunge, kama unavyofunga mtandio maisha yako yote bila kufikiri, na niliposhusha mkono kuutafuta wake, haupo.

Nikazunguka. Nikatazama chini baina ya miguu ya watu. Makoti tu. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa nguvu, mpaka waimbaji wawili wakageuka. Hakuna. Ndipo nikakumbuka niliyemwita ni nani, na nimemlea vipi. Hata awe hatua mbili nyuma ya koti la mtu, hatanijibu mpaka anione uso, na mimi ni mfupi, na uwanja umejaa warefu. Sikujuta kumfunza. Nasema kweli, hata dakika ile sikujuta. Nilichokiona ni kwamba mlango nilioufunga dhidi yao umenifungia na mimi nje.

Akaja mwanamke mmoja mweusi mwenye koti la manjano na ufagio mrefu, mfagiaji wa uwanja. Alinisikia nikiomba kwa Kiswahili. Mkongo, na Kiswahili chake kina vichaka, lakini nilikipokea kama maji.

"Mama, ni nani ulipoteza?"

"Mjukuu wangu. Mtoto wa kike. Ana koti jekundu."

Akapiga mluzi kumwita askari mwanamke aliyekuwa kwenye ngazi, akamweleza kwa Kiingereza. Askari akauliza jina la mtoto, akaanza kuliita huku akipasua watu. Sauti yake ilikuwa nzuri, inafika mbali. Nikamshika mfagiaji mkono nikamwambia amwambie askari aache, haitasaidia, mtoto haitiki akiitwa na asiyemwona, nimemkataza mimi.

Mfagiaji akanitazama. "Ulimukataza kuitika? Mama weye. Mutoto wa kutoitika uliona wapi?" Akataka kucheka. Kisha akaona uso wangu, na nadhani akakumbuka kwao, maana kicheko kikamkatikia mdomoni. Akasema polepole, "Hata kwetu ni vile." Akamtafsiria askari. Askari akanitazama kama ninavyotazamwa mimi na watu wa ofisini, akaendelea kuita.

Nikawaambia watazame chini ya mti. Mtoto aliuliza habari za miguu yake, na nikimjua, atakuwa amekwenda kuitafuta. Mti ulikuwa umezungushiwa uzio wa chuma, matawi ya chini yanagusa chini kama sketi. Askari akaruka uzio, akainama, akawasha tochi. Nilikuwa nauona mwanga ukipita baina ya majani yale ya sindano. Alizunguka mti mzima, akainua tawi hili na lile, akamulika mpaka kwenye shina. Akarudi akatikisa kichwa. Hamna kitu ila makaratasi. Akachukua simu yake ya begani akaanza kusema na wenzake, na katika maneno yake nikashika moja, "river". Mto. Mto hauko mbali na pale.

Waimbaji walikuwa wamemaliza wimbo mmoja, wanafunua kurasa kutafuta mwingine. Pakawa kimya kidogo, kile kimya cha watu wengi. Na ndani ya kimya kile mti unavuma.

Nilikwenda mpaka kwenye uzio. Mfagiaji akanifuata, akasimama mkono wangu wa kushoto. Sikuwa na shoka. Nilivua pete yangu ya fedha nikaigonga kwenye chuma, na nikasema kama alivyosema baba yangu. Lakini niliisema kwa sababu mbili. Ya kwanza, mti ule haukuwahi kupigiwa hodi na mtu, niliuona hivyo kama ninavyomwona mtoto asiyeogeshwa. Ya pili, nilimfunza mjukuu wangu kuwa hodi ni jambo jingine. Kuitwa unaweza kuitwa na yeyote, lakini hodi lazima iitikiwe, kwa sababu wale hawapigi hodi. Wale huingia.

"Hodi, wenyewe."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Mfagiaji alikuwa ananong'ona sala yake, mimi moyoni nasoma yangu.

"Hodi."

"Karibu."

Ilitoka chini, ndani ya matawi, usawa wa kichwa cha mtoto. Sauti ndogo, kavu, kama ya mtu aliyeamka. Lakini safi, ya mwenye lugha kabisa, "karibu" ya mtu aliyekaa barazani kwake. Na tawi likainuka, akatoka mjukuu wangu kwa magoti, koti jekundu limejaa sindano za mti, akapita chini ya uzio akanikumbatia miguu. Alitoka pale pale alipomulika askari.

Ufagio wa mfagiaji ulikuwa umeanguka na hakuuokota. Askari alikuja mbio, akamtazama mtoto, akautazama mti, akarudi kumulika mahali pale mara ya pili kama mtu aliyepoteza funguo. Akasema kitu na mfagiaji hakukitafsiri. Mfagiaji alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, ulisikia?"

"Nimesikia," nikasema, na nilikuwa nacheka na kulia pamoja. "Amesema! Mjukuu wangu amesema Kiswahili!"

Hakucheka. Alimgusa mtoto shavu kwa kidole kimoja, kama unavyogusa chungu kujua kama kina moto. "Peleka mutoto nyumbani. Usikae hapa." Akaokota ufagio wake akaenda, na takataka za upande ule akaziacha zilivyo.

Ndani ya treni sikuwa mtu wa kunyamaza. Nilimwambia mama mmoja wa Kisomali aliyekaa mbele yetu, nikamwambia na kijana wa Kizungu ambaye hakufahamu hata neno, kwamba huyu, huyu hapa, leo amesema karibu. Nilikuwa natunga tayari jinsi nitakavyoliweka neno hilo kwenye shughuli ijayo, nitalidondosha tu kama sijali. Mtoto alikuwa ameegemea dirisha. Treni ilipopanda juu ya ardhi, zile nyumba zikaanza kupita na taa zao, akageuka akanambia kwa Kiingereza, taratibu, kama anayenihurumia:

"Bibi, it wasn't me."

Nikamuuliza nini hakikuwa yeye.

Akasema yeye hakusema kitu. Nilimkataza kuitika, hakuitika. Alikuwa amekaa nyuma ya shina anatafuta miguu, akasikia anaitwa, akanyamaza. Askari alikuja na taa akammulika usoni, mpaka akafumba macho, na yeye akanyamaza kwa sababu askari alikuwa anaita jina lake na yeye hamjui. Kisha akasikia hodi. Alikuwa anafikiri kama hodi yangu ni kuitwa au si kuitwa, na kabla hajamaliza kufikiri, ikasemwa "karibu", hapa. Akagusa sikio lake la kulia. Alidhani ni mimi. Ndiyo maana akatoka.

Yule mama wa Kisomali alitazama pembeni. Kiingereza alikuwa anakijua.

Mwanangu alipata habari nzima jikoni, kabla hajavua viatu vya kazi. La kwanza alinisomea mimi. Kwamba mtoto angekufa, kwamba angechukuliwa na mtu, kwamba ujinga wangu wa kutoitika utatuua. Nikamwacha amalize. La pili akasema aliyejibu ni yule Mkongo, na wao si husema karibu?

"Mkongo alikuwa kushoto kwangu, mdomo wake nauona."

"Basi ni mtoto. Anaogopa kwa sababu umemkataza."

"Mwite aseme."

Akamwita, kwa maana ya kwamba alimfuata mpaka alipo, akamwinamia na kumwambia sema karibu, mwanangu, sema kama ulivyomwambia Bibi. Mtoto akajaribu. Ile "r" ikamlainikia mdomoni kama inavyowalainikia watoto wote wa hapa, ikawa kama "w", na neno zima likatoka la Kiingereza. Akajaribu tena. Mwanangu akainuka, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Akasema sitampeleka mtoto popote tena mpaka atakaponipa ruhusa.

Basi yakaanza ya kiti.

Mtoto akikaa kitini hukaa nusu. Mezani, kwenye kochi, hata kwenye kigoda cha choo, anajivuta pembeni mpaka paja moja liko hewani, nusu ya kulia ameiacha tupu. Nikimsogeza anarudi. Nikimuuliza kwa nini anainua mabega. Hakuumwa, alikula, alicheza, alinichora mimi na mapua yangu makubwa. Lakini chakula akikila anakila upande mmoja wa sahani. Sikumwambia mama yake. Nilitaka aone mwenyewe, na nilikuwa naijua ile hali. Mgeni asiyeaga hajaondoka. Mjukuu wangu alipokewa mahali, akakaribishwa kwa heshima, na mimi nilimkokota kwa furaha zangu bila kumshukuru mwenyeji wala kuaga. Mwenyeji wa namna hiyo hakasiriki. Anakufuata tu kwa adabu, anangoja uage.

Na mti huwa haukai. Nilisikia kwa Muhindi wa dukani kwamba mwaka mpya ukishaingia kidogo huangushwa. Nikaanza kumwomba mwanangu ruhusa. Akakataa. Nikaomba tena, akaniambia mama, wewe ni mtu mzima, huoni haya. Ikaja Krismasi, treni zikasimama. Kisha nikashikwa na mafua nikalala, natoka jasho, nikiwaza mti na siku zinavyokwenda. Wajuzi wa kuaganisha watu na mambo hayo ninawajua, ila wako Pemba, na Pemba si treni ya buluu.

Aliyetoa ruhusa mwishowe alikuwa mwanangu mwenyewe, asubuhi ya mapumziko yake. Mtoto alikuwa kwenye kochi anatazama katuni, amekaa nusu yake. Mwanangu akaja na kikombe cha chai kutaka kukaa naye upande ule uliobaki.

Mtoto akaweka mkono. "Not there, Mummy," akasema. Bila kelele, kama unavyomzuia mtu asikalie mtandio wako.

Mwanangu alibaki na kikombe hewani. Halafu akaja chumbani kwangu akafunga mlango.

"Mpeleke," akasema. "Na usinambie kitu. Sitaki kujua mnasema nini wala mnamwambia nani. Mpeleke leo."

"Huji?"

"Mama."

Basi tukaenda, nimejifunga shali mbili, kifua kinakoroma. Ndani ya treni nilimfunza maneno. Anayeaga ni aliyepokewa, mimi siwezi kuaga kwa niaba yake. Aseme ahsante, aseme kwaheri, basi. Akanambia haitasaidia, mti ni wa Norwei na Kiswahili haujui. Nikamwambia ulitukaribisha kwa Kiswahili. Akafikiri hilo mpaka stesheni mbili tatu zikapita, akaniuliza, je, ukijibu tena?

"Tutakimbia," nikamwambia. Akacheka, na mimi nikacheka, lakini nilikuwa nimeshaangalia ngazi ziko wapi.

Tulipofika uwanjani mti ulikuwa umelala. Mchana mweupe, baridi ya kukata masikio, na wanaume wenye kofia ngumu wanaukata vipande kwa msumeno wa mashine na kuvipakia kwenye lori. Taa zimeshatolewa zamani. Juu ya lami pale uliposimama palikuwa na kifuniko cha chuma, na mtu mmoja anakikaza kwa mguu. Harufu ya mti ilikuwa nzuri, siwezi kuikana. Harufu ya kitu kibichi, kama bado unakunywa.

Nilimsogeza mjukuu wangu mpaka karibu na lori walipotuzuia. Nikamfunga kitufe cha juu cha koti. Nikamwambia sema.

Akasimama sawasawa kama anayesoma mbele ya darasa. "Ahsante," akasema. Kisha, kwa ile "r" yake ya maji, "Kwaheri."

Msumeno ulikuwa umezimwa wakati ule, wanaume wanavuta kamba. Tukangoja. Nilimbana mkono mpaka akaguna. Hakuna kilichosema. Sikupata kukisikiliza kimya maishani mwangu kama nilivyokisikiliza kile. Nilikizunguka kila upande. Kwa baba yangu kimya ilikuwa ruhusa, nami nikaichukua kuwa ruhusa.

Ndilo neno lake la kwanza la Kiswahili, hilo ahsante. Nilikuwa nimeliomba miaka, na sikumwambia mtu yeyote kwenye shughuli yoyote. Leo ni mwanamke, anafanya kazi ya benki, Kiswahili chake kimenyooka na bado "r" inamsumbua, na hili hatuliongelei.

Wakafunga mlango wa nyuma wa lori. Lori likaondoka na mti, likakata kushoto, likaingia baina ya mabasi mekundu. Nikamwambia mtoto twende. Alikuwa ameinua mkono anapunga. Nikadhani anapungia lori, nikafuata macho yake. Hakuwa anatazama lori. Alikuwa amegeukia kile kifuniko cha chuma, uwanja mtupu, na anapunga taratibu huku anatabasamu na mapengo yake, kama unavyompungia mwenyeji aliyekusindikiza akabaki mlangoni, anayekungoja upinde kona ndipo aingie ndani.

Sikumuuliza ni nani. Nilichukua mkono ule unaopunga, nikautia ndani ya mfuko wa koti langu pamoja na wangu, tukashuka ngazi kwenda kwenye treni.